Zamu ya Akina Mama

Waliohudhuria: Mkuu wa kituo cha kulea watoto, aliyeongoza kikao, daktari wa watoto kutoka hospitali ya rufaa, mlezi wa chumba cha pili, ambaye wenzake humwita Mama Kupe, fundi wa friji na mkewe ambaye ni msusi, wawili walioomba mtoto wa kulea, na mimi, mwalimu wa darasa la awali la hapa kituoni, katibu. Watoto wawili, Mwenyeji na Kupe, walikuwapo mwanzoni, kisha wakatolewa nje.

Kikao kilifanyika darasani kwangu kwa kuwa ofisi ya Mkuu ilikuwa ikipakwa rangi. Nilisogeza meza ukutani na kupanga viti kwa duara. Viti hivyo vimetengenezwa kwa watoto wa miaka minne, kwa hiyo sote tulikaa magoti yakikaribia videvu, isipokuwa Mkuu, aliyeletewa kiti cha jikoni.

"Mwalimu, tukimaliza uniletee jeki," alisema Fundi. Mkewe alimfinya.

Suala lilikuwa moja: je, Mwenyeji akabidhiwe kwa Msusi na mumewe? Walikuwa na kibali cha mtoto mmoja, kwani nyumba yao ina vyumba viwili. Mtoto waliyemtaka walikwisha kumchagua, au kama Msusi alivyopenda kusema, mtoto alikwisha kuwachagua wao.

Siku ya kwanza walipokuja, geti lilipofunguliwa tu, Mwenyeji aliwakimbilia, akamshika Msusi mkono na kumwambia, "Mama, twende." Msusi alikaa palepale kwenye ngazi akalia. Kufikia jioni ya siku iliyofuata hapakuwa na mteja wake hata mmoja ambaye hakuwa amesimuliwa. Tangu hapo alikuja kila wiki na begi lake la vitana na mafuta ya nywele.

Hakuna aliyemweleza kwamba jina la Mwenyeji lilitokana na tabia hiyo hiyo. Kila mgeni hupokewa naye. Alimwita mama mkaguzi wa majengo. Alimwita mama fundi bomba mwenye ndevu hadi kifuani, na walezi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi bomba naye alicheka, akambeba mtoto begani mchana kutwa huku akizibua sinki. Alipoondoka, Mwenyeji alimfuata hadi barabarani, akarudishwa. Hakulia alipokuwa akirudishwa. Alimshika mkono yule aliyemrudisha na kumwita mama.

Kupe aliletwa kituoni wiki moja na Mwenyeji, wote wakiwa wachanga. Vitanda vyao vilipakana. Uji ni ule ule, sabuni ni ile ile, nyimbo za kulala ni zile zile. Hata hivyo Kupe alimchagua mlezi mmoja na hajapata kumwachia. Huyo ndiye Mama Kupe. Akienda kufua, mtoto yupo kwenye beseni. Akienda chooni, mtoto yupo mlangoni. Wenzake humtania: "Leo mume wako kakuruhusu utoke?" Naye hujibu, "Kaniruhusu, ila kaniambia nisichelewe."

Utaratibu wetu haukumsaidia Kupe. Hapa kituoni walezi huhama vyumba kila mwisho wa mwezi. Wote huvaa aproni ya buluu na wote huitwa Mama, ili mtoto asione tofauti. Sheria hiyo ilianza kwa nia njema. Zamani mlezi mmoja aliolewa akaondoka, na watoto watatu wa chumba chake walisusa kula. Mmoja alilazwa. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba mtoto asimzoee mtu mmoja, ili akimkosa asiumie. Kila mwezi Mama Kupe anapohamia chumba kingine, Kupe huchukua mto wake na kumfuata. Hurudishwa, humfuata tena. Hurudishwa, hukaa mlangoni. Mwenyeji yeye huwapokea walezi wapya, akawaonyesha taulo zilipo.

Mimi hufundisha rangi, namba na kusubiri zamu. Katika darasa langu Mwenyeji hakuwa na shida yoyote, na niliandika hivyo kila muhula.

Daktari alikuwa akituzuru kwa miezi kadhaa katika utafiti wa hospitali yake. Alipitisha pamba ndani ya mashavu ya watoto ili mate yakapimwe, na alikaa pembeni akitazama wanavyocheza. Ni mwanamke mpole anayefunga na kufungua kifuniko cha kalamu yake anapofikiri. Aliomba kwamba kabla hatujazungumza lolote, tuone jambo moja. Mgeni ambaye watoto hawajawahi kumwona angebisha hodi na kuwaita. Tusiwakataze wala tusiwahimize. Mgeni angewapeleka hadi kwenye kona ya jengo tu, na kule mlezi mwingine alikuwa akiwasubiri.

"Jaribuni tu," alisema Msusi. "Huyu wangu hatoki hapa."

Mwenyeji alikuwa ameketi chini, katikati ya magoti ya Msusi, akisukwa. Upande wa kushoto wa kichwa ulikwisha: mistari myembamba, iliyonyooka, inayokutana kisogoni. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama. Kupe alikuwa nyuma ya Mama Kupe, ameshika mkanda wa aproni.

Hodi ilibishwa. Aliingia muuguzi wa hospitali ya Daktari, akiwa na nguo za kawaida. Alimwendea Kupe kwanza, akachuchumaa.

"Hujambo? Njoo, twende nje nikuonyeshe kitu."

Kupe alificha uso wake katika aproni, akabaki hivyo. Kilichoonekana ni masikio tu.

Muuguzi alimgeukia Mwenyeji. "Na wewe? Twende nikuonyeshe kitu?"

Mwenyeji alisimama. Shungi la nywele lililokuwa vidoleni mwa Msusi lilichomoka. Alimpa muuguzi mkono, akasema, "Twende, mama," na wakatoka. Hakuuliza ni kitu gani. Hakugeuka mlangoni. Kupitia dirishani tulimwona akivuka ua, nusu ya kichwa imesukwa, akimwambia yule mwanamke jambo lililomfanya acheke. Wakakata kona.

Msusi alibaki na kitana hewani, vidole vikiwa bado vimekaa kama vinavyokaa vikishika nywele. Fundi alitazama sakafu. Nami nilitazama saa ya ukutani, bila sababu.

"Labda alidhani nimemruhusu," alisema Msusi.

Alikishusha kitana mapajani.

"Angenitazama basi. Mtoto akiitwa na mtu asiyemjua, humtazama mama yake kwanza. Si ndiyo? Hata aende, lakini atakutazama."

"Ndiyo," alisema Daktari. "Wengi hutazama."

Mama Kupe alimtoa Kupe na kurudi peke yake baada ya kumkabidhi kwa mpishi. Mkuu akafungua kikao rasmi. Mkuu wetu ameongoza kituo hiki tangu kilipokuwa na vyumba viwili, na husema kwa sauti ile ile iwe ni habari ya msiba au ya mahindi yaliyoletwa.

"Ndugu zangu mmeona," alisema. "Mimi nilikuwa na wasiwasi huu tangu zamani. Mtoto anayekwenda na yeyote, siku moja atakwenda na mtu mbaya. Nyie ni wageni katika kulea. Kibali ni cha mtoto mmoja. Ninapendekeza mmchukue Kupe. Huyo anajua kupenda. Mkimpa nafasi, atawaganda ninyi."

Mama Kupe alikuwa akikunja kitambaa mapajani. Aliendelea kukikunja.

Msusi hakumjibu Mkuu. Alimgeukia Daktari. "Ni damu yake, siyo? Kazaliwa hivyo. Mmepima mate mkaona."

"Hapana, dada. Damu peke yake haifanyi haya."

"Basi ni hapa. Ni kituo."

"Kituo peke yake nacho hakifanyi. Kupe amelelewa hapa hapa."

"Sasa ni nini? Maana mnanizungusha."

Daktari alifunga kifuniko cha kalamu, akakifungua. "Kuna watoto wanaorithi maumbile yanayopokea sana. Chochote kilichopo mahali walipo, kizuri au kibaya, kinawaingia. Wakiwa na mlezi mmoja, yule yule kila siku, hao ndio hutulia kuliko wote. Wakiwa mahali ambapo mama hubadilika kila mwezi, hao ndio huathirika kuliko wote: wanajifunza kwamba mama ni yeyote aliye karibu. Wapo wengine wanaorithi maumbile yasiyopokea sana. Hao, mazingira yakibadilika, wao hubaki karibu vile vile. Vipimo vya Mwenyeji vinamweka katika kundi la kwanza. Vya Kupe, la pili."

"Kama friji," alisema Fundi.

Mkewe alimtazama.

"Nasema kweli. Friji za zamani, umeme ukiyumba, hazijali, zinanguruma tu. Hizi mpya zenye ubao wa kompyuta ndani, ukizipa umeme uliotulia hazina mfano. Umeme ukiyumba, ndizo ninazoletewa mimi."

"Mtoto si friji," alisema Msusi.

"Sijasema ni friji. Nimesema kama."

"Inakaribia," alisema Daktari, "ila ubao ukiungua umeungua. Mtoto anaweza kurudi, hasa akiwa bado mdogo. Na niseme wazi: haya tumeyaona kwa watoto wengi tukiwatazama kwa pamoja. Kwa mtoto mmoja siwezi kukuapia. Huenda akabadilika. Huenda akabadilika nusu."

Mkuu alisema kwa sauti ile ile, "Kwa hiyo kosa ni zamu."

Daktari aliiweka kalamu chini. "Zamu ina sehemu yake."

"Nilikaa na yule mtoto hospitali, yule aliyesusa kula," alisema Mkuu. "Nilimlisha kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Nikasema hapa mtoto hataumia hivi tena. Na hajaumia mwingine. Tazama Mwenyeji. Umewahi kumwona akilia mtu anapoondoka?"

"Sijawahi," alisema Daktari. "Ndilo lililonileta."

Nje rangi ya ofisi ilikuwa ikinuka hadi kwetu. Niliinuka nikafunga dirisha, kisha nikalifungua tena kwa sababu ya joto. Niliandika yaliyosemwa hadi hapo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama kawaida.

Msusi alimwuliza Mama Kupe, "Dada, wewe ukienda likizo, Kupe anakuwaje?"

"Hali uji," alisema Mama Kupe. "Chai anakunywa, ila uji hali. Anakaa mlangoni na viatu vyangu vya kufulia."

"Na nikimchukua mimi?"

Mama Kupe alijaribu mzaha wake. "Utakuwa umeniachisha mume." Hakuna aliyecheka, naye hakusubiri tucheke. "Atalia siku nyingi. Halafu, sijui. Mtoto ni mtoto. Labda atakuganda wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi, dada. Vyumba viko vinne."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwuliza Daktari swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kikao chenyewe. "Nikimchukua Mwenyeji, nitafanya nini? Usinieleze mambo ya damu. Niambie nikiamka asubuhi nafanya nini."

"Mnamlisha ninyi wawili tu," alisema Daktari. "Mnamwogesha ninyi wawili. Akianguka, anayemwinua ni mmoja wenu. Akipewa kitu, kinatoka mikononi mwenu. Wengine wamsalimu kwa mbali, wasimbebe, wasimpakate, hata akiwaendea yeye mwenyewe. Na atawaendea. Mnamrudisha kwenu, bila ugomvi. Miezi mingi. Pengine mwaka. Ni mpaka ajue kwamba watu hawalingani."

Fundi aliangua kicheko kifupi. "Nyumbani kwetu?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kwani niliwahi kufika kwao kukagua makazi. Nyumba yao ina baraza mbele, na baraza hilo ndilo saluni ya Msusi. Kuanzia asubuhi hadi jua linapoingia kuna wanawake wasiopungua watano, wengine wanasukwa, wengine wanasubiri, wengine hawana kichwa cha kusuka ila wamefuata mazungumzo. Ili uingie ndani ni lazima uwapite. Mtoto akitoka mlangoni, atatua kwenye paja la mtu. Siku niliyofika, mimi mwenyewe niliwekewa mtoto wa jirani mapajani kabla sijajitambulisha.

"Mama yangu ameshanunua kanga ya kumbebea," alisema Fundi. "Anahesabu siku. Dada zangu wanagombana nani atalala naye kwanza. Nimwambie mama nini? Mjukuu amekuja, ila usimshike? Atasema mke wangu kaniloga."

"Atasema mimi mchoyo," alisema Msusi. "Dada zako watasema nimechukua mtoto wa watu nikamfungia kama kuku anayeatamia. Na wateja je? Wateja wataniuliza tumewakosea nini."

"Si lazima," alisema Mkuu. "Kupe hahitaji yote hayo. Bibi atambeba, shangazi watambeba. Saluni itabaki. Nasema kwa faida yenu, na kwa faida ya Mwenyeji pia. Hapa tumemzoea."

"Hapa atabaki kwenye zamu," alisema Daktari.

"Hapa atabaki hai," alisema Mkuu.

Msusi aliomba atoke kidogo. Alitoka, akasimama uani. Muuguzi alikuwa amemrudisha Mwenyeji, na mtoto alikuwa akimsaidia mpishi kupanga sahani. Alipomwona Msusi alimkimbilia, akamkumbatia miguu, akamwita mama. Msusi hakuinama mara moja. Alisimama na kumtazama utosini, pale ambapo mistari ilikatika na nywele zilizosimama kuanza. Mpaka rangi wa ofisi alipita na ngazi. Mwenyeji aliachia miguu, akamkimbilia yeye, akamkumbatia vile vile na kumwita vile vile. Msusi aliwaendea. Alimshika mtoto kwenye mabega, akamgeuza taratibu na kumrudisha upande wake. Mtoto alienda tena kwa mpaka rangi. Akamrudisha tena. Sikuhesabu ni mara ngapi. Mpaka rangi aliona ni mchezo, kisha akaona si mchezo, akashika ngazi yake na kuondoka. Mwenyeji alibaki amesimama mahali alipowekwa. Alimtazama Msusi kidogo, kama mtu anayesoma bango. Kisha akaondoka kwenda kwenye sahani.

Ndani, Fundi alitazama yote hayo akiwa amesimama, na viganja vyake alikuwa ameviweka kwenye kioo cha dirisha langu. Baadaye nilikifuta.

Msusi alirudi, akakaa kwenye kiti chake kidogo.

"Kupe simtaki," alisema. "Siyo kwamba simpendi. Ana mtu wake. Nikimchukua nitakuwa nimemfanya ajifunze yale aliyojifunza mwenzake." Alimgeukia mumewe. "Tunamchukua Mwenyeji. Saluni naitoa barazani. Nitakodi pale kwa yule mshona viatu, nitasuka siku ambazo wewe upo nyumbani, na siku ambazo hupo sisuki. Mama yako utamwambia wewe, siyo mimi. Mwambie hata ukiwa umepiga magoti yote mawili, lakini mwambie."

"Nitamwambia," alisema Fundi.

"Dada zako pia."

"Nao."

"Na asiniite mama. Hilo neno kwake ni la kila mtu. Aniite Msusi, kama wateja. Tutaona."

Nilitazama kama angelia. Hakulia. Alikuwa akitoa nywele zilizonasa kwenye kitana, moja moja, na kuziviringa kuwa kidonge.

Mkuu alikunja mikono kifuani. Nilidhani angekataa, na uwezo huo alikuwa nao, kwa sababu saini ya mwisho ni yake. Hatimaye alimwuliza Mama Kupe, "Mwisho wa mwezi huu unahamia wapi?"

"Chumba cha tatu, Mkuu."

Mkuu alisimama, akatuomba tumfuate. Ilikuwa saa ya walezi kubadilishana, na wote walikuwa wamekusanyika kwenye ukumbi wa chakula, wanaoingia wakifunga aproni na wanaotoka wakizivua. Waliacha kuongea. Mkuu alisimama mbele ya meza ya vikombe na kutangaza kwa sauti yake ile ya siku zote:

"Mwenyeji anaondoka Jumatatu. Atakwenda kwa Fundi na mkewe. Kuanzia sasa hadi siku hiyo, Msusi akiwapo, hakuna wa kumbeba mtoto huyu isipokuwa yeye. Zamu itaendelea kama kawaida; hiyo siiondoi leo. Ila Kupe asirudishwe tena. Mlezi wake akihamia chumba cha tatu, kitanda cha mtoto kihamie naye, na akihama tena, kihame tena."